Waya wa Hasi

…na usiachie, dada, waya huo ukigusa kichwa cha betri hata kidogo tunaanza upya, anasema fundi, naye hajaachia, ameuzungushia kitambaa kama alivyoonyeshwa na kuuweka mbali, swichi ya taa za mbele imewashwa ili umeme uliobaki uishe wote, na kompyuta ya injini inasahau, inasahau kila kitu kama mlevi asubuhi, anasema fundi na kucheka peke yake, fundi huyu wanamwita Kimya kwa sababu mdomo wake hauna breki, na kaka yake yeye mshika waya, aliyekalia tairi kuukuu, anauliza, sasa hiyo taa ya injini itakaa bila kuwaka mpaka lini, siku mbili tatu za kuendesha, bosi wangu, zaidi ya hapo mimi simo, zinatosha, anasema kaka, shangazi akishalichukua gari ni lake… shangazi, dada wa baba, aliyemlea, aliyekuwa akimsuka huku akimfinya bega atulie, anakuja leo kuchukua gari la kuwapelekea wajukuu shule, na yeye, waya mkononi, hasikii kitu, anatafuta ndani yake mahali pa kusikia na hapaoni, tangu siku ile kwenye mzunguko wa barabara gari lilipozimika likiwa mwendoni, usukani ukagoma, lori nyuma likapiga honi, likapinda, likaondoka na kioo cha pembeni, na yeye akawaza tu, taratibu, kumbe ndiyo hivi, kisha gari likawaka tena kana kwamba halikufanya kitu, likamfikisha nyumbani, akala, akalala… Kimya amebadilisha fyuzi, amepima betri na chaji yake, ametikisa waya mmoja mmoja injini ikinguruma, haikuzima, ugonjwa wa kuona haya mbele ya daktari huu, alisema, kuna waya umelegea huko ndani, kuupata ni kushusha dashibodi nzima, hatushushi kitu, kaka akajibu, futa taa, na wewe unanitolea macho ya nini, si uko hapa, mzima? na kweli alikuwa mzima, akaambiwa shika hapa, akashika… bado kidogo, dada… shangazi huvua viatu akiendesha, husogeza kiti mbele mpaka kifua kinakaribia kugusa usukani, mjukuu mdogo huchomoza kichwa katikati ya viti, bibi, tumefika? na mkono wa kulia wa shangazi, tangu uvunjike bafuni, haufungui hata kifuniko cha chupa ya maji, humpa mtu amfungulie, nifungulie mwanangu, na usukani ule, injini ikizima, siku ile yeye mwenyewe, mshika waya, aliung'ang'ania kwa mikono yote miwili… kwa mikono yote miwili, na haukugeuka… wewe, unatetemeka nini, utagusisha! anafoka kaka, naye anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na honi ya lori inalia sasa, siku ile haikuwa na sauti, sasa inamjaa masikioni, anaogopa, hatimaye anaogopa, mate yamemkauka, waya bado uko mkononi, haujagusa, Kimya bado anaongea, kaka bado yuko juu ya tairi, na kinywani mwake yeye maneno yanajipanga, machache, usilichukue, shangazi, linazima njiani.