Kunguru Aliyezima Taa

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni siku ya Jumatatu, akavua viatu mlangoni, akaniambia wamempigia kura awe Kunguru.

Nilikuwa kwenye cherehani nikitia pindo sketi ya mteja. Nikasema, "Hongera, mke mwenzangu! Si ndiye mwenye maneno mengi huyo?"

Hakucheka. Kwa kawaida nikimwita mke mwenzangu hunijibu kwamba mume wetu, yaani marehemu babu yake, alimpenda yeye zaidi. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja chini ya meza yangu ya kukatia nguo, mahali alipozoea kujificha alipokuwa na miaka minne. Sasa ana kumi na mmoja. Magoti yalibaki nje.

Niseme kwanza huyo Kunguru ni nani. Kuna filamu ya katuni ambayo watoto wote wa shule yao wameiona, na kwetu tumeitazama mara nne. Ndege wa kisiwa kimoja wanataka kuvuka bahari kabla ya tufani. Kiongozi wao ni Njiwa, na rafiki yake wa kufa na kuzikana ni Kunguru. Njiwa amevunjika mfupa wa bawa, anaficha, na anamwapisha Kunguru asimwambie mtu. Kunguru anakwenda kuwaambia wazee. Wazee wanamcheka. Basi siku ya safari anapanda mnarani na kuizima taa inayowaonyesha ndege njia. Giza linaingia, safari inavunjika, ndege wanamdonoa na kumfukuza, na Njiwa anaimba wimbo mrefu juu ya marafiki wasaliti. Hapo watoto hushangilia. Darasa la mjukuu wangu lilichagua kuigiza hadithi hiyo siku ya kufunga shule.

Jioni ile baba yake, mwanangu, aliporudi kutoka kwenye kazi yake ya kutengeneza majokofu, alisikia habari ya kura akiwa na sahani mkononi.

"Kunguru ni msaliti," akasema. "Aliahidi kufunga mdomo, akaufungua. Kazini kwetu mtu kama huyo hakai."

"Baba, bawa lilikuwa limevunjika."

"Bawa la nani? Si la Njiwa mwenyewe? Kunguru kilimwasha nini?"

"Angeanguka baharini!"

"Filamu haikuonyesha akianguka."

"Haikuonyesha kwa sababu Kunguru alizima taa!"

Mwanangu akabaki na kijiko hewani. Mimi nikacheka.

"Hapo amekushika," nikasema.

"Mama, na wewe unamtetea kunguru?"

"Jokofu la mtu likivuja gesi, naye akakuomba usiwaambie wanaoishi nyumbani humo, utanyamaza?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

Akaomba chumvi. Lakini mtoto hakufurahia ushindi wake. Alisema kwa sauti ndogo, akiitazama sahani, "Nilimwambia mama yake Vishimo."

Vishimo ni rafiki yake tangu darasa la kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu ya vishimo vya mashavu yake. Ana kifafa, na hunywa vidonge asubuhi na jioni. Alikuwa amechaguliwa kuwa Njiwa, na vidonge, alisema, vilimtia usingizi na kumsahaulisha maneno. Akaacha kuvinywa. Akawa anavifunga kwenye kitambaa na kuvitupa njiani, na mjukuu wangu ndiye aliyeapishwa kunyamaza. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano waliposhuka ngazi za shule, Vishimo alisimama ghafla katikati, macho yamekwenda mbali, mkono ukichezacheza, kisha akaendelea kushuka kana kwamba hakuna kitu. Mchana huohuo mjukuu wangu alikwenda kwa mama yake, ambaye ni dobi, akamwambia yote, mama mwenyewe akiwa na pasi mkononi.

Vishimo alipelekwa hospitali, akabadilishiwa dawa, na mama yake akamkataza kuigiza. Njiwa akapewa msichana mwingine. Darasa zima likajua nani alisema. Ndipo mwalimu alipouliza nani awe Kunguru, na mikono yote ikapanda, wakicheka.

"Na Vishimo?" nikamuuliza.

"Alinyoosha wa kwanza."

Mwanangu aliweka kijiko chini. Akasogeza kiti chake karibu na cha binti yake, akammegea mkate.

Kesho yake mama yake Vishimo alituletea pazia kuukuu la mahameli nyeusi la kushonea mabawa. Alikuwa amelifua na kulinyoosha vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwambie mjukuu wako asante. Sikupata kumwambia." Nikamwambia. Mtoto akaitikia kwa kichwa tu. Asante aliyoitaka ilikuwa ya mtu mwingine.

Nikamkalisha kando ya meza ya kukatia, ashike ncha ya pazia, nikamsimulia jambo ambalo hata baba yake sijapata kumwambia.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo, chumba cha kukatia. Tulikata kwa kisu cha umeme, vitambaa arobaini kwa mara moja. Nilikuwa na mimba ya huyo baba yake, na kila asubuhi kizunguzungu kilinishika. Nilificha, maana wakati huo mwanamke aliyekata kwa kisu aliheshimiwa. Aliyejua ni mmoja, mwenzangu wa meza, mrefu sana, tulimwita Twiga. Nilimwapisha. Siku moja nikayumba kisu kikiwa kinazunguka. Twiga akaenda kwa msimamizi. Nikahamishiwa kwenye vifungo, chumba cha nyuma, pamoja na wanaojifunza kazi.

"Ukafanya nini, Bibi?"

"Nilimnunia."

"Siku ngapi?"

"Miaka tisa."

Akaiachia ncha ya pazia. "Bibi!"

"Miaka tisa, chumba kwa chumba. Na kila asubuhi nilikikuta kiti changu kimewekewa mto mgongoni, mpaka siku niliyojifungua. Niliporudi kazini nikiwa nanyonyesha, mto ulikuwepo tena. Nilijua ni nani. Niliuegemea, wala sikusema asante. Kisha akahama na mumewe, na sikujua alikohamia."

Alinitazama mikono. Nikaiweka viganjani mwake. "Hebu vihesabu vidole."

Akavihesabu kweli, kimoja kimoja. "Kumi."

"Basi mimi siwezi kumpigia kelele Kunguru. Ila jambo moja namlaumu."

"Lipi?"

"Alikwenda kwa wazee kabla ya kwenda kwa Njiwa. Angemwambia usoni: nitasema, na ninasema kwa sababu hii. Twiga naye hakuniambia. Nadhani hicho ndicho nilichokinunia, zaidi hata ya kile kisu."

Akaiokota ncha ya pazia. "Mimi pia nilimzunguka," akasema.

"Hilo unaweza kumwomba radhi. Lile la kumwambia mama yake, usiombe."

Alijaribu. Mara mbili alimfuata Vishimo uwanjani, na mara mbili Vishimo alipita kama anapita ukuta. Mwalimu alikuwa amempa Vishimo kazi ya kukaa nyuma ya pazia la jukwaa na kitabu, awanong'oneze wenzake wanaosahau maneno. Mjukuu wangu akaanza kuniambia anaumwa tumbo. "Nikisahau, ataniacha nisimame pale," akasema. "Watu wote wataona hata yeye hataki kunisaidia."

Na mimi, kwa kumwaza yeye, nikafanya kosa ambalo fundi aliyeshona miaka hamsini hapaswi kulifanya. Mahameli ina upande wake. Ukipitisha mkono huku inalala, ukirudisha inasimama, na vipande viwili vikikatwa kwa kugeuzana, kimoja huonekana cheusi na kingine kama kimemwagiwa majivu. Nilikata mabawa kwa kugeuzana. Niliona nilipomaliza kushona, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Bawa la kulia jeusi tii, la kushoto linang'aa kijivu.

"Ni yaleyale," akasema mtoto. "Watacheka vyovyote."

Siku ya kufunga shule bawa la kijivu lilianza kufumuka begani, kwa hiyo mwalimu akaniruhusu nikae pembeni ya jukwaa na sindano yangu. Vishimo alikuwa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwangu, kitabu mapajani. Alinisalimia shikamoo kwa adabu na kunisogezea kiti nikae. Nikaona alivyonenepa kidogo usoni kwa dawa mpya, na macho yake yalikuwa mazima, yametulia.

Mjukuu wangu aliigiza vizuri. Alizima taa, ukumbi ukaguna. Wazee wa ndege wakamzunguka. Hapo kitabuni Kunguru anatakiwa kucheka na kusema, "Nilikuwa adui yenu tangu mwanzo!" Niliyajua maneno hayo kwa moyo, maana tumeyarudia jikoni wiki mbili.

Hakuyasema. Alifungua mdomo, akaufunga. Mtu nyuma ya ukumbi akacheka. Mwanangu, mstari wa pili, alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Mjukuu wangu hakugeuka kutazama kwenye pazia. Alikuwa amekwisha kata tamaa ya upande huo.

Nilimtazama Vishimo. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari. Alimtazama yule aliyesimama kule na mabawa yasiyofanana, muda mrefu kuliko unavyohitaji kusoma maneno matano. Kisha akafunga kitabu.

"Niliona bawa lake," akanong'ona. Halafu kwa nguvu zaidi, "Sema: niliona bawa lake."

Mjukuu wangu akageuka.

"Niliona bawa lake," akasema. "Limevunjika. Niliahidi nisiseme, na nimesema. Ningemwambia yeye kwanza. Hilo nilikosea. Taa, hapana."

Wazee wa ndege walitazamana, hawakuwa na jibu kitabuni. Njiwa mpya, maskini, akaanza kuimba wimbo wa wasaliti kwa sababu ndio aliokuwa anaujua, akauacha katikati. Mwalimu akafunga pazia mapema. Watu walipiga makofi, wengine wakiulizana kama filamu ndivyo ilivyokwisha.

Nyuma ya pazia wale wawili walisimama wakitazamana.

"Bado nimekukasirikia," akasema Vishimo.

"Najua."

"Ulinizunguka."

"Ndiyo. Nisamehe kwa hilo."

Vishimo akapitisha mkono kwenye bawa la kijivu, kwenda na kurudi. "Mbona haya hayafanani?"

"Bibi alikosea kukata."

"Bibi?" Akanigeukia, na vile vishimo vikatokea mashavuni kwa mara ya kwanza. "Bibi naye hukosea?"

"Sana, mwanangu," nikasema. "Kaeni hapo, nishone bega hili."

Palikuwa na kigoda kimoja tu. Vishimo alisogea upande, akapigapiga nafasi iliyobaki.