Mtaa Uliokatazwa Kushangilia

Jumapili ya marudiano, mama yangu alipita nyumba kwa nyumba kuuomba mtaa mzima usishangilie goli.

Sitanii. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akakamata mkoba kama mtu anayekwenda benki, akaanza na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Televisheni kubwa iko kwake, na siku ya mechi watu hujazana pale mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, simu mkononi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

"Leo goli likiingia, sitaki kusikia sauti," Mama akamwambia.

Kinyozi alikuwa ameshika kichwa cha mteja, nusu kimenyolewa nusu bado. "Mama, hata tukipanda daraja?"

"Hata mkipanda mbinguni."

"Na tukifungwa?"

"Mkifungwa ndiyo kabisa. Mtu asikohoe."

Mteja akataka kucheka, kinyozi akamkandamiza kichwa. "Usitikisike wewe, nitakukata sikio. Mama, ni kwa ajili ya Mzee Springi?"

"Ni kwa ajili yake."

Kinyozi akazima mashine. Akasema sawa, atagawa taulo. Anayeshindwa kujizuia atang'ata taulo.

Mzee Springi ni baba yangu. Ni fundi wa makochi, na hakuna nyumba pale mtaani ambayo hajaitengenezea kitu cha kukalia. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango mmoja unatazama barabara. Na baba yangu ni Zambarau. Zambarau ndiyo timu yetu, jina limetokana na rangi ya jezi. Mama huwa anasema alipoolewa alidhani anaingia nyumba ya peke yake, kumbe mke mwenza alikuwa tayari ametundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Sasa mwaka huu, baada ya kusota daraja la chini miaka na miaka, tukaingia mchujo. Mechi mbili tu, nyumbani na ugenini, mshindi anapanda. Ya kwanza ilikuwa ugenini, tukawabana vizuri, halafu mwishoni kabisa wakatupiga moja. Baba alisimama kumtukana refa aliyekuwa ndani ya redio. Tusi halikumalizika. Alirudi chini bila kupenda, macho yamegeuka, na bahati yetu nyuma yake palikuwa na kochi la mteja alilolimaliza asubuhi. Angekuwa ameweka kigoda pale, leo nisingekuwa nasimulia hivi.

Hospitali wakasema presha. Daktari akasema chumvi apunguze, kazi nzito aache, na huo mpira apumzike nao kwanza. Kwenye chumvi Mama alisikia "apunguze". Kwenye mpira alisikia "marufuku".

Redio ikapotea. Waya wa televisheni ukapotea. Baba akaapa mbele yetu: hatatazama, hatasikiliza redio, hatamuuliza mtu yeyote. Aliapa upesi mno, mimi nikashtuka. Baba si mtu wa kukubali kitu upesi hivyo, hata bei ya gundi hubishania.

Halafu nikaelewa. Baba hakuhitaji redio, alikuwa na mtaa! Ukimkalisha karakanani, kelele za kwa kinyozi zikiingia mlangoni, anakusomea mechi nzima huku anapiga nyundo. "Hiyo kona." "Hiyo imegonga mwamba." "Hapo refa ametudhulumu." Hakosei. Alikuwa amepanga kukaa zake kimya, mikono juu ya magoti, mtaa umtangazie.

Ila Mama amelala na huyu mtu kitanda kimoja tangu kabla sijazaliwa. Alishamjua. Ndiyo maana akatoka na mkoba.

"Na wewe," akaniambia tuliporudi, kidole karibu kinitoboe jicho, "unakaa naye. Ukifungua mdomo ukamwambia chochote, utakuwa umenizikia mume. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Mechi ikaanza alasiri. Baba alikuwa ameruhusiwa kazi moja tu nyepesi, kuvika kitambaa kigoda kidogo cha kuwekea miguu. Akajaza misumari midogo mdomoni kama kawaida yake, anautoa mmoja mmoja kwa ulimi, anaugonga. Mimi nimekaa kwenye rundo la sponji, simu nimeichimbia humo, sauti nimezima, jicho moja kwa Baba, jicho moja kwa simu. Data yenyewe ya kuungaunga. Picha inakuja, inazunguka, inakwama, inakuja tena tayari mpira uko upande mwingine. Miguu yangu haikutulia. Nikawa naifinya sponji kama nakamua nguo.

Jirani yetu Sista, nesi, hakuwa na zamu siku hiyo. Mama alimwita na mashine yake ya presha, wakakaa mlango wa ndani. Akampima Baba. Akasema si mbaya.

Kipindi cha kwanza bado kibichi, nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mama yangu wee! Kwa kinyozi watu wote walikuwa hewani. Wanaruka, wanakumbatiana, midomo imejaa taulo, mishipa ya shingo imewatoka, na hakuna sauti. Hata kidogo! Mama muuza mboga anajipiga mapaja taratibu kama anafukuza nzi. Kinyozi mwenyewe amempandia mteja mgongoni. Nikarudi kwenye simu, inazunguka, inazunguka, halafu ndiyo naona: krosi, kichwa, wavu. Moja! Tumesawazisha jumla!

Nikaingiza uso wote kwenye sponji nikapiga kelele humo.

"Una nini?" Baba akauliza, misumari mdomoni.

"Vumbi."

Akanitazama. Akageuza shingo kidogo, sikio likaelekea barabarani. Akasubiri. Hakuna kitu. Akagonga msumari.

Mapumziko Sista akapima tena. Akakunja uso, akamwangalia Mama. "Imepanda."

"Unaona?" Mama akaninong'oneza. "Hajui chochote na imepanda. Angejua je?"

Nikataka kusema. Nikakumbuka kidole.

Kipindi cha pili Baba akaanza kuharibu. Mimi nimekaa na huyu mtu karakanani tangu niko mdogo, sijawahi kumwona akipinda msumari. Akapinda mmoja. Akautoa. Akapinda wa pili. Akanyanyuka, akakaa. Akalegeza kola. Akapanga mikasi iliyokuwa tayari imepangwa.

Na katikati ya hayo nikachungulia, wako hewani tena! Mtu mmoja amelala chini kabisa, anapiga sakafu kwa ngumi zilizofungwa taulo. La pili! Jumla tunaongoza, tunapanda daraja, na barabarani unasikia mpaka mfuko wa plastiki unavyokokotwa na upepo.

Nyundo ikasimama.

"Mtaa umehama?" Baba akasema.

"Jumapili, Baba. Watu wamelala."

"Kinyozi amelala? Yule hata akilala anapiga kelele." Akatema misumari yote kiganjani. "Mimi siulizi. Niliapa siulizi. Ninaongea na kigoda changu. Ingekuwa sare, wangelalamika. Tungefungwa moja, wangetukana. Tungefungwa mbili, wangetukana na mama wa refa. Sasa kimya hiki, kigoda, kimya hiki ni kwamba tumepigwa mpaka matusi yamewaishia."

"Baba, tulia."

"Nimetulia."

Hakutulia. Jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya masikio, misumari inacheza kiganjani kama njugu. Akataka kusimama, akashika ukingo wa meza. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Rangi ile ile ya wiki iliyopita.

Sista akaja mbio, akamfunga mashine. Hakusema namba. Alimwambia Mama tu, "Tafuta gari."

Mama akageuka kutafuta mkoba, anazunguka chumba, mkoba ameuning'iniza begani. Nami nikaona kabisa, mbele ya macho yangu, mtu anakwenda kufa kwa kufungwa magoli ambayo hatukufungwa.

"Mama, ni huu ukimya!" nikasema. "Huu ukimya ndio unamuua!"

"Nyamaza wewe!"

Sikunyamaza. Niliruka rundo la sponji, nikafungua mlango mpaka ukagonga ukuta, nikatoka barabarani peku. "Shangilieni! Shangilieni jamani, Baba anadhani tumefungwa!"

Kinyozi akatoa kichwa, taulo inaning'inia mdomoni. Akaitoa. "Mama amekubali?"

"Shangilieni kwanza!"

Sijui niwaelezeje. Yalikuwa magoli mawili yametunzwa kifuani, yakatoka kwa mpigo. Masufuria, filimbi, honi ya pikipiki ya fundi bomba, mama muuza mboga anapiga kigelegele kama anaozesha. Mabati yakatetemeka. Nikarudi ndani nikamkuta Mama amesimama na mkoba kifuani, amenikazia macho ya kuniua baadaye, na Baba amekaa wima.

"Moja?" akauliza.

"Mbili, Baba."

"Mbili?"

"Mbili bila. Tunaongoza."

Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha yote. "Sasa mbona wananinyima?" Akamgeukia Mama taratibu. "Mama watoto. Ulikwenda nyumba zote?"

"Zote," Mama akasema, sauti ndogo.

"Hata kwa yule anayetudai kochi lake?"

"Huyo ndiye aliyekubali haraka."

Baba akaanza kucheka. Na akiwa anacheka hivyo hivyo, nje kelele zikakatika, ikafuata moja ndefu, nzito. Aaaaah! Watu wanashika vichwa. Mama akamrukia mkono, Sista akabonyeza mashine.

"Wamerudisha moja," Baba akasema. "Jumla sare, na muda umekwisha. Tunakwenda penalti."

Sista akatazama namba. Akaitikisa mashine, akaitazama tena. "Imeshuka."

"Wametufunga na imeshuka?" Mama akauliza.

"Imeshuka, dada. Bado iko juu, lakini imeshuka. Gari lisubiri kidogo, ila simvui mashine."

Mama akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Springi zikalia.

Penalti tulizisikiliza wote, mlango wazi. Simu yangu ilikuwa nyuma kabisa, imebaki na mchezaji mmoja amekunja mguu hataki kupiga, nikaitupa kwenye sponji, halafu nikaifuata tena, halafu nikaitupa. Kila kelele Baba anatufasiria. Hiyo yetu, imeingia. Hiyo yao, imeingia. Hiyo yao imedakwa, sikia filimbi. Hiyo yetu ameikosa. Mama, ambaye maisha yake yote huuita mpira "wanaume wazima kugombania ngozi yenye upepo", alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kochi.

"Hii sasa ni furaha au kilio?"

"Kilio."

"Cha nani? Wetu?"

"Wetu. Wamefunga wao. Sasa nahodha wetu lazima aingize, la sivyo basi."

Nje kukawa kimya. Mama akanishika mkono, kucha zikazama. "Mbona wamenyamaza tena? Mimi sijawakataza!"

"Tulia," Baba akamwambia. "Anaweka mpira chini."

Ikaja sauti ndogo. Unajua mtu mzito akikalia mto mpya, ile hewa inavyotoka kwa taratibu? Mtaa mzima ulitoa hewa namna ile.

Sikumtazama Baba usoni. Nilitazama mashine. Sista naye. Mama naye. Tulikuwa watu watatu tumeinamia mkono mmoja, na mashine inavuma, inabana, inaachia.

"Iko pale pale," Sista akasema. Akarudia, kama hajiamini. "Pale pale."

"Amepiga wapi?" Baba akauliza.

Simu yangu ndiyo kwanza inafika. Nahodha anakimbia, anapiga. "Juu ya mwamba."

"Aliegemea nyuma," Baba akasema. Akakikodolea macho kile kigoda. Kidevu kikamcheza, kikaacha. Akasimama polepole, bomba la mashine linaning'inia mkononi, akaenda mlangoni.

Mtaa wote ulikuwa umesimama barabarani, umetazama kwetu. Kinyozi na taulo yake. Mteja na nusu ya nywele zake. Hakuna aliyekohoa.

"Mnatazama nini?" Baba akasema. "Niko hai. Tumefungwa. Haya, lieni basi, nani kawakataza?"

Wote wakamtazama Mama.

Mama alikuwa ameshaanza. Amekaa kwenye springi, anajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja, mabega yanaruka. "Yule kijana," akasema. "Yule kijana kwa nini apige juu? Lango lote lile!"

Nje mtu mmoja akaachia tusi, likafuatwa na jingine, na mtaa ukarudi. Baba hakuwa anausikiliza. Alimtazama Mama kama mtu aliyeulizwa kitu alichokisubiri mpaka akasahau kukisubiri. Akarudi ndani, akavuta kile kigoda mbele yake, akafungua kiganja.

"Sogea hapa," akamwambia, akaanza kuipanga misumari juu ya kitambaa. "Huyu kipa. Huyu ni yule kijana wako. Sasa tazama mguu wake wa kushoto."