Nyuki Wasioambiwa

Malkia wa nyuki alipanda ubao wa mlangoni polepole, kama mama mzito aliyechelewa ibada, na mgongoni alikuwa na nukta ya buluu. Brina aliiona waziwazi. Nukta ilikuwa imekwenda upande, na pale kijijini ni mkono mmoja tu uliotetemeka kiasi hicho ulipokuwa ukitia alama malkia: mkono wa marehemu Drejc, jirani yake. Malkia akaingia ndani ya mzinga wa gogo. Bumba zima la nyuki likamfuata, likimiminika kama mchele.

Hapo ndipo sufuria iliposikika. Mjane wa Drejc, Mama Fanika, alikuwa akishuka mteremko huku akiipiga kwa mwiko, kama afanyavyo kila mtu anayefuata nyuki wake, ili ijulikane kwamba bado ni wake hata wakitua shambani kwa mwingine.

"Binti, nyuki wangu hawajapita hapa?"

Brina alikuwa amesimama mbele ya gogo.

"Hawajapita, Mama Fanika," alijibu kwa sauti, apate kusikika juu ya sufuria.

"Basi wamerithi tabia ya Drejc. Naye alikuwa haagi."

Akageuka, akaupanda mteremko. Sufuria ilikuwa kimya.

Brina alikuwa amelingoja bumba hilo kwa muda mrefu. Bustani yake haikujua sumu. Magugu yenye maua aliyaacha yachanue katikati ya kabichi, na gogo alilichonga mwenyewe, akalitundika kwenye mtufaha ili nyuki waje kwa hiari yao, wajenge masega wapendavyo, wale asali yao wenyewe. Kwa Fanika wangefungiwa sandukuni na kunyweshwa maji ya sukari. Hivyo ndivyo alivyojiambia usiku ule, na usiku uliofuata. Kila sababu ilikuwa nzuri kama kabichi zake, na kila moja ilikuwa na kiwavi ndani.

Wapita njia walisimama kwenye ua kumsifu. "Wamekuja wenyewe?" waliuliza. Naye akaitikia kwa kichwa, maana kichwa hudanganya kwa urahisi kuliko ulimi.

Majira ya kukata nyasi yalipofika, Fanika alikuja na mkate wa jozi uliofungwa kwa kitambaa. Walikaa kwenye benchi chini ya ukuta.

"Kula. Umekonda kama reki."

"Asante, Mama Fanika. Na wale waliobaki mzingani, hawajambo?"

"Wamefariki." Fanika alipangusa makombo kwenye aproni yake. "Malkia wao kijana, aliyeachiwa mzinga na yule aliyehama, alitoka kutafuta madume, mvua ikamkuta huko. Hakurudi. Ule ndio uliokuwa mzinga wa mwisho wa Drejc."

Brina alishika kipande cha mkate bila kukila. Alikuwa anajua kwamba jambo kama hilo huweza kutokea. Alilijua tangu siku ile, mbele ya gogo.

"Kosa langu," Fanika aliendelea. "Mwenye mzinga akifa, nyuki huambiwa. Unagonga, unasema. Mimi nilijifungia jikoni, nikakoroga supu isiyokuwa na mlaji. Niliona nikiwaambia, itakuwa kweli. Basi wale waliokwenda, wamekwenda na kinyongo. Wangefanyaje? Na wao walikuwa wa nyumbani."

Brina alikirudisha kipande kwenye kitambaa. Angeweza kumwambia mama huyu kwamba nyuki hawana kinyongo, kwamba huhama nafasi inapowabana. Angesema kweli, na bado angekuwa mwongo.

"Wako hapa," alisema.

Fanika hakugeuka.

"Kwenye gogo. Niliiona nukta ya buluu. Imekwenda upande. Ulipokuja na sufuria, walikuwa wamekwisha kuingia."

"Sufuria yangu ulikuwa unaisikia?"

"Naisikia mpaka leo."

Mjane akainuka, akashika goti kwanza, kisha mgongo. Alikwenda hadi kwenye mtufaha, akaweka kiganja juu ya gogo. Gogo lilikuwa na joto. Akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Drejc amefariki," aliwaambia. "Alifariki theluji ikiwa bado juu ya paa. Hakuumia sana. Nisameheni kwa kuchelewa."

Mvumo wa ndani ulipanda kidogo, ukashuka. Fanika alisubiri, paji la uso likigusa gome.

"Kuna neno la pili," alisema hatimaye, akasogea kando. "Ni lazima waambiwe sasa ni wa nani. Hilo uwaambie wewe."

Brina akakaribia. Harufu ya nta ikamjia. Akakisogeza kinywa chake kwenye tundu, akaanza kunong'ona.

"Kwa sauti, binti," alisema Fanika nyuma yake. "Siku ile ulinijibu kwa sauti."