Rangi ya Uzee

Walimfunga macho kwa mtandio wake mwenyewe, pale pale kwenye ngazi. Kitinda mimba, binti ambaye hakuacha kudeka hata baada ya kupata mtoto wake, alimshika mkono. Kaka yake, fundi wa madirisha, alibeba begi. Dada mkubwa alitangulia kufungua mlango, na kwa jinsi alivyokuwa akihangaika na ufunguo, mama yao alihisi kwamba huyo hakulifurahia sana jambo lenyewe, liwe lolote lile.

"Mama, usichungulie!"

"Nichungulie nini, na umenikaza kama mzigo wa mitumba?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Sasa alikuwa amestaafu. Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kwa dada yake aliyevunjika nyonga, alikokwenda kumgeuza, kumwogesha na kumwaga beseni. Ndani ya basi, njia nzima, alikuwa akiiwaza sebule yake.

Sebule ile aliipata uzeeni. Mumewe alipofariki alianza kutoa vitu kimoja kimoja, bila haraka. Leo zulia, mwezi ujao kabati la vioo, mwaka mwingine sofa. Majirani walidhani shida imemzidi, ana aibu ya kuomba. Yeye aliendelea kutoa. Mwishowe zikabaki kuta nyeupe, meza ndogo, kiti kimoja karibu na dirisha, na vigae alivyoweza kuvipitishia dekio vyote kabla chai yake haijapoa. Asubuhi alikaa pale akitazama sakafu yake kama watu wengine wanavyotazama bahari.

Mlango ulifunguka. Kabla ya macho, pua ndiyo iliyofika.

Mafuta ya nywele, yale mazito ya kijani ya kopo la bati. Wanga uliochacha. Na chini yake harufu nyingine, tamutamu, ya vumbi na uvundo, ambayo hakuna aliyewahi kuishi nayo akaisahau: mende. Mate mepesi yalimjaa kinywani, yale yanayotangulia kutapika.

"Fungua macho, mama! Fungua!"

Aliufungua mtandio. Kitinda mimba alikuwa amerudi kinyumenyume hadi ukutani, simu ameielekeza usoni pa mama yake, machozi tayari yanamlengalenga kwa niaba ya wote.

Sebule yake haikuwepo. Pale dirishani palikuwa na sofa ya mbao yenye mito ya kahawia. Kulikuwa na televisheni ya zamani ndani ya sanduku lake la miguu minne, lenye milango miwili na tundu la ufunguo. Kulikuwa na redio kaseti, chupa ya chai yenye maua mekundu, kalenda ya kampuni iliyokufa, kopo la poda, kopo la mafuta ya nywele. Na juu ya kila kitu, mgongoni mwa sofa, mikononi mwa sofa, juu ya televisheni, juu ya redio, vitambaa vya kufuma vya umbo la duara, kama utando uliosukwa na buibui mwenye bidii.

"Ni sebule yetu, mama! Ile ile! Tumetafuta kila kona. Kaka kazunguka masoko yote ya vitu vikuukuu."

"Kiti changu kiko wapi?"

Fundi wa madirisha alikohoa. "Kipo stoo kwangu, mama. Kiko salama."

"Sema neno, mama," alisihi kitinda mimba nyuma ya simu. "Watu wanasubiri."

"Watu gani?"

Ndipo yakatoka yote. Binti alikuwa na ukurasa mtandaoni, ameuita Sebule ya Mama. Aliweka picha za makopo ya zamani, nyimbo za matangazo ya sabuni, vifuniko vya soda, na watu waliufuata kwa maelfu. Waliandika kwamba wamelia. Waliandika kwamba siku zile maisha yalikuwa maisha. Sasa wengine walitaka kuja kujionea, wapige picha wakiwa wameketi kwenye sofa halisi, na kundi la kwanza lilikuwa linakuja Jumamosi.

"Hapa?"

"Wewe hutafanya lolote, mama. Utakaa tu pale pembeni umeshika sindano yako ya kufumia. Wanakupenda hata kabla hawajakuona."

Mama Dobi alikuwa mtu wa kupima maneno. Hospitalini walikuwa wakisema ukimuuliza saa atakwenda kwanza kuhakikisha kama saa yenyewe ni nzima. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja, akaona kwamba hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na nyuso za watoto waliomletea mama yao chura mfukoni wakidhani ni zawadi. Kwa hiyo alikwenda taratibu hadi kwenye sofa, akainua kitambaa kimoja kilichokuwa mahali pa kuegemeza kichwa, akakipeleka kwenye mwanga.

Katikati ya maua ya nyuzi palikuwa na duara la rangi ya chai iliyokolea. Alilisugua kwa kidole gumba. Kidole kiliteleza.

"Hiki hakijafuliwa."

"Tuliambiwa tusifue," alisema kitinda mimba kwa fahari. "Yule muuzaji ni mtaalamu. Alisema ukifua unaondoa rangi ya uzee. Hiyo ndiyo yenye thamani."

"Rangi ya uzee."

"Ndiyo, mama. Ndiyo uhalisia wenyewe."

"Mwanangu, hii ni jasho na mafuta ya kichwa cha mtu." Alikishika kwa ncha za vidole viwili, mbali na nguo yake. "Kichwa cha mwanamume, tena wa makamo, mwenye kulala kwenye kiti mdomo wazi. Unaona hapa chini? Haya ni mate."

Fundi wa madirisha alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama naye!" alisema kitinda mimba. "Utaniharibia video. Kwani hukumbuki? Jumamosi, redio inaimba, wewe umeshatandika vitambaa vyeupe peee, vimekaza kwa wanga hadi vinasimama vyenyewe, nyumba nzima inanukia! Mimi nikisikia harufu ya wanga hadi leo naona niko mtoto."

"Wewe uliviona vikiwa vimeshatandikwa," alisema dada mkubwa ghafla. Alikuwa bado amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. "Mimi ndiye niliyekuwa nakwangua."

"Unakwangua nini?"

"Mbao ya sofa, kwa kijiko. Kabla ya kufua. Baba na wadogo zake wakishaegemeza vichwa wiki nzima, yale mafuta yalikuwa yanapenya kitambaa yanaganda kwenye mbao. Kijivu. Yanatoka kama nta, na nywele ndani yake."

"Dada, tafadhali, nimekula sasa hivi."

Mama Dobi alikwishaanza kuvikusanya vitambaa. Alivifunga ndani ya gazeti, akaenda jikoni, akateleka sufuria kubwa. Wote walimfuata, kwa sababu tangu utoto wao mama akiteleka ile sufuria watu hufuata. Kitinda mimba alikuwa bado anapiga video. Alidhani kazi imeanza kuwa nzuri.

"Haya, ndiyo kama zamani," alinong'ona kwenye simu. "Mama anafua."

Maji yalipochemka aliweka magadi na sabuni ya kipande iliyokunwa, akatumbukiza vitambaa, akakoroga kwa mwiko wa kufulia. Mwanzo hapakutokea kitu. Kisha maji yakaanza kugeuka, kahawia hafifu, kahawia iliyokolea, na juu yake ukatanda utando wa mafuta wenye rangirangi kama dimbwi la gereji. Mvuke ukapanda. Harufu haikuwa ya Jumamosi yoyote aliyoijua kitinda mimba. Ilikuwa harufu ya kofia kuukuu iliyochemshwa, ya mto wa mgonjwa, ya vichwa vya watu wasiowajua, vyote pamoja ndani ya jiko moja dogo.

Unywele mfupi wenye mvi ukaibuka, ukazunguka, ukang'ang'ania mwiko. Baada yake kikaibuka kifuko cha kahawia, kigumu, chenye mstari katikati.

"Hiyo ni nini? Ni kokwa?"

"Mayai ya mende," alisema mama yake. "Mende anapenda wanga kuliko mkate. Angalia ndani ya redio utawakuta wakubwa wao. Redio zile zilikuwa na joto, ndimo walimozaliana. Mkiwa mnasikiliza michezo ya kuigiza, mimi nilikuwa nawasikia wakitembea."

Kitinda mimba aliweka mkono mdomoni, akakimbilia sinki. Hakutapika, alikohoa tu na kutema. Mama yake alimpangusa uso kwa maji baridi. Televisheni ya enzi zile pia ilikuwa ikimrudia Mama Dobi kichwani. Alikumbuka jinsi ufunguo wa milango yake ulivyokaa mfukoni mwa mumewe, na jinsi Jumapili watoto wa mtaa mzima walivyojazana miguu vumbi, naye hakuwahi kuona mchezo wowote hadi mwisho kwa sababu kuna mtu daima alikuwa anataka maji. Hakuyasema hayo. Kinyaa kilikuwa kimemjaa kiasi kwamba kuyafungua mengine kungekuwa kama kufungua ndoo ya taka ili kuangalia tu kama imejaa.

Alisuuza vitambaa mara nyingi, akavikamua, akavianika dirishani. Vilitoka vyeupe. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri, nyuzi zimeshikana bila fundo moja la makosa. Mwanamke fulani alikuwa ameviinamia muda mrefu, ili wanaume wapate mahali pa kupangusia vichwa.

Kitinda mimba aliviangalia kwa huzuni. "Sasa vinaonekana vipya. Thamani imekwisha."

Simu yake ililia, ikalia tena, na haikuacha. Alikuwa ameituma ile video ya sufuria. Alisoma kidogo, uso ukamchangamka.

"Mama, sikiliza! Huyu anaandika, 'Mama yangu naye alikuwa anachemsha hivi hivi, jamani ninaitamani ile harufu.' Mwingine anauliza vitambaa visivyofuliwa vinapatikana wapi. Mama, wameipenda kuliko zote!"

Mama Dobi aliweka mwiko chini. Alihisi ile harufu ikimpanda tena kooni, safari hii bila mvuke wowote.

"Vitoeni vitu hivi," alisema. Hakupaza sauti.

"Tuvipeleke wapi, mama?" aliuliza fundi wa madirisha.

"Kwako."

"Kwangu? Mama, mke wangu ndiyo kwanza amenunua makochi. Atanifukuza mimi na sofa pamoja."

"Basi kwako," alimwambia kitinda mimba. "Ukurasa ni wako, wageni ni wako."

"Kwangu kuna mtoto mchanga, mama. Siwezi kuingiza mende nyumbani kwangu."

Neno lilimtoka kabla hajalitazama. Kaka yake aligeukia ukutani. Dada mkubwa alivuta pumzi kwa pua, akairudisha haraka.

"Na kwangu," aliuliza Mama Dobi, "kuna nani?"

Fundi wa madirisha akavua shati, akainama, akaikumbatia televisheni. Alipoiinua, mende wawili walianguka kutoka nyuma ya sanduku na kukimbilia ukutani. Dada mkubwa akawakanyaga kwa kiatu, mmoja, halafu mwingine. Walishusha sofa, kalenda, makopo, redio, mito ya kahawia. Muuzaji mtaalamu angerudishiwa vyote, hata kama asingerudisha senti. Vitambaa vyeupe Mama Dobi alivikunja, akampa dada mkubwa aondoke navyo, akavitumie anavyotaka au asivitumie.

Kisha alijaza ndoo dawa ya sakafu, akaanza kupiga deki kutoka dirishani, akirudi kinyumenyume, kigae kwa kigae, mpaka akatoka mlangoni. Aliusimamisha mpini wa dekio kwenye korido, pembeni ya kitinda mimba aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akijipangusa pua.

"Watu wa Jumamosi nitawaambia nini, mama?"

"Waambie humu anaishi mtu."

Binti alitazama simu, akaigeuza uso chini juu ya paja. Kisha alisimama. "Naomba niingie, nimeacha viatu ndani."

Mama Dobi alinusa vidole vyake. Mafuta ya vichwa vya wageni yalikuwa bado yapo, chini ya sabuni, chini ya dawa. Itabidi afue mikono tena.

"Subiri pakauke," alisema.