Niko Dungu

Siku aliyotoweka Twalha ilikuwa Alhamisi, mwaka wa Elnino, na nyumbani kwake Mohoro hakuna aliyejua kwamba ametoweka. Aliaga kwa mkaa. Kwenye mlango wa jikoni aliandika maneno mawili, kama alivyofanya kila akitoka, ili amzoeze binti yake kusoma. Maana Hanifa alikuwa darasa la pili kwa mara ya tatu na herufi zilikuwa hazimkai. Mwanamkuu, mkewe, hakujua kusoma kabisa. Aliporudi kisimani alimwita mtoto.

"Hebu nisomee. Baba yako kaenda wapi?"

Hanifa aliweka kidole mlangoni, akakisogeza polepole. "Ni-ko... bu-ngu. Niko Bungu."

Ilionekana sawa. Tangu biashara huria iruhusiwe, Twalha alikuwa akivuka mto kwenda Bungu kuwauzia nazi wenye malori. Kivuko kilikuwa kimesimama kwa sababu ya mafuriko. Asiporudi, basi kakwama ng'ambo. Walilala siku tatu bila wasiwasi. Siku ya nne akaja mtu wa bondeni na habari kwamba maji yamechukua madungu yote, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mpunga. Twalha alionekana katika dungu lake Alhamisi ile jioni, akitetemeka kwa homa. Mwili haukupatikana.

Tabu, dada yake Twalha, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibiti. Alifika matangani kivuko kilipoanza tena, na alipokwenda jikoni kuomba maji ya kunywa akausoma mlango: *niko dungu*.

"Wifi, nani aliwasomea hapa?"

"Hanifa. Si kaandika Bungu?"

Tabu alikunywa maji yake hadi mwisho ndipo akajibu. "Ndiyo," alisema. "Bungu."

Aliijua kazi ya kaka yake. Twalha hakutumia herufi kubwa, kwa kuwa mtoto alikuwa hajafika huko. Alikata maneno mafupi ili asimchoshe. Angeandika *dunguni*, hata Mwanamkuu angeshtuka, maana hakuna mtu asemaye Bunguni.

Wanawake waliokaa ukumbini walikuwa na lao. "Yule mtoto ana mtu wake, jini," alisema mmoja, Mwanajuma. "Mwanangu anasoma naye. Anasema herufi zake zinatembea kinyumenyume kama kaa." Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika kombe, aya za dawa, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa, Hanifa akanywa maji yake. Kesho yake akaandika *dada* akikusudia *baba*.

Asubuhi hiyo Tabu alichukua majivu na kumbi la nazi akausugua mlango mpaka mbao ikawa nyeupe. Ulipokauka, maneno yalikuwapo. Akasugua tena adhuhuri. Yalififia, yakarudi, na safari hii mkaa ulikuwa na unyevu, kama ulioandikwa kwa mkono uliotoka majini. Alijiambia kuwa mbao imenywa masizi. Baada ya arobaini akaondoka na Hanifa kwenda Kibiti.

Darasani kwake alikwishawaona watoto wawili wa namna hiyo, na hawakuwa wajinga hata mmoja. Daftari akaliweka kando. Alimwaga pumba za mpunga kwenye ungo, akazisawazisha, akamshika Hanifa kidole.

"Huyu ni b. Fimbo kwanza, halafu tumbo. Sema huku unaandika."

"Fimbo, tumbo. B."

"Na d?"

"Tumbo kwanza, fimbo nyuma. D." Mtoto aliufuta ungo kwa kiganja. "Lakini shangazi, ukiondoka zinageuka."

"Hazigeuki."

"Mbele yako hazigeuki. Wewe mwalimu, zinakuogopa."

Tabu alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakaenda hivyo wiki kwa wiki, herufi moja mpaka kidole kiizoee. *Baba. Dada. Bata. Dawa.* Maneno mawili, *bungu* na *dungu*, hakumpa kamwe. Aliogopa siku ambayo mtoto angeweza kuzitenganisha herufi zile kabisa, kwa sababu siku hiyo angejua alichosoma mlangoni. Na ndiyo siku aliyokuwa akiifanyia kazi kila alasiri.

Mwezi wa tano alirudi kutoka shule akamkuta Hanifa barazani, ungo mbele yake. Katika pumba mlikuwa na maandishi yaliyonyooka, d imetazama inakopaswa: *niko dungu*. Ndani ya mistari pumba zilikuwa zimelowa. Pembeni zote zilikuwa kavu. Tabu aliishika mikono ya mtoto, akakuta nayo mikavu.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Baba kanishika kidole tu." Hanifa alisema hivyo kama mtu anayetaja jirani aliyepita. "Shangazi, ule mlango nilikosea."

Tabu alikaa chini. "Umejua lini?"

"Kulekule Mohoro. Aliniambia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona unasugua. Nikaona hutaki nijue."

Tabu alitazama nafasi iliyokuwa wazi upande wa kulia wa mtoto, kwenye mkeka, na hakuona kitu.

"Sikiliza, mwanangu. Aliyeandika alikuwa mtu mzima. Sisi wote watu wazima tulijua d inakusumbua, na tukakuachia usome peke yako. Hukumpoteza wewe."

Hanifa aligeuza kichwa kidogo kulia, kama anayesikiliza. Kisha akausawazisha ungo.

"Anasema tuendelee na m na n."

Tabu alinyoosha kidole. Akaandika m.

Sasa Hanifa yumo darasa la nne. Husoma ukurasa mmoja kila alasiri, kidole chini ya mstari, na Tabu humsubiri.