Mlio wa Pete Kikombeni

"Leo hujaonja," alisema Don Beltrán.

Nilikuwa mbele ya mlango wa Malkia Brianda, sinia mikononi. Alisema kweli. Miaka yote niliyokuwa mwonjaji wa malkia, hakuna sahani iliyovuka kizingiti kile kabla sijaionja mbele ya watu. Lakini nani humwonjea maiti? Malkia alikuwa amekufa tangu Jumapili, na mkono wangu ulishaanza kusahau.

Wahenga husema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulificha kilio chenyewe, mimi na Bi Gracia, mlezi wa malkia tangu utotoni. Binti wa malkia, Elvira, mrithi wa kiti, alikuwa amekwama ng'ambo ya mlima kwa sababu ya theluji. Habari ikitoka kabla hajafika, mabwana wa ufalme wetu wa Navarra wangemtawaza Don Beltrán, mdogo wake malkia, na binti angeishia kwenye nyumba ya watawa, kama si kaburini. Kwa hiyo tulimfunga marehemu taya kwa kitambaa, tukaacha madirisha wazi ili baridi imhifadhi, na kila mlo nikauingiza kama kawaida. Tuliula wenyewe, tukiwa tumempa mgongo kwa aibu.

"Wee Oria, nasema na wewe," Don Beltrán aliendelea, akiinuka kwenye benchi lake. "Au siku hizi dada yangu haogopi sumu?"

"Labda amechoka kuishi," mmoja wa watu wake akadakia, na wenzake wakacheka.

"Au labda humo ndani hakuna wa kuogopa." Akanyoosha mkono kushika kitasa.

Hapo ndipo tuliposikia. Ko, ko, ko. Pete ikigonga kikombe cha fedha, upesi na kwa hasira, vile Malkia Brianda alivyogonga chakula kilipochelewa. Kicheko kikakatika. Don Beltrán akaurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Mpelekee," alisema. "Usimkasirishe."

Nilidhani Bi Gracia ametuokoa, nikaingia nikitaka kumbusu mikono. Nilimkuta amejibanza kwenye pembe ya mbali, rozari imemwanguka miguuni.

"Umegonga wewe?" alininong'oneza.

"Mama, mimi nilikuwa nje."

"Na pete?"

Pete ilikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi, chini ya gauni, nikimtunzia Elvira. Niliigusa. Ilikuwa ya baridi kama theluji, ilhali ilishinda kifuani pangu.

Siku hiyo hatukula. Tuliweka sinia kando ya kitanda, tukapiga magoti kuelekea dirishani, tukasali mpaka sala zikatuishia. Tulipogeuka, supu ya njiwa ilikuwa imepungua, na mkate umenyofolewa ndani, ganda limeachwa. Meno ya malkia yalikuwa mabovu. Hakuwahi kula ganda.

Nilitoka na sinia. Don Beltrán alilitazama lile ganda kwa muda mrefu. Walikulia meza moja, alimjua dada yake. Akafanya ishara ya msalaba, akaketi, na hakuniuliza kitu tena mpaka farasi wa Elvira walipoingia langoni kesho yake.

Sasa nimezeeka, na bado naonja, chakula cha Malkia Elvira. Pete amevaa yeye, na chumba cha mama yake kimefungwa kwa kufuli. Lakini majira ya theluji, mara nyingine mchana kweupe, nikiwa na kijiko mdomoni, mlio ule hutoka upande wa pili wa ukumbi. Mara ya kwanza niliogopa hata kumtazama malkia usoni, nikajifanya sijasikia. Yeye alikuwa ameshaisukuma sahani yake upande wangu.

"Kampelekee mama," alisema. "Na ganda la mkate ulitoe."