Mwiko wa Nyamizi

"Toa mguu kwenye mchanga, Nyamizi. Mimi natibu miguu, sitibu mchanga."

Nyamizi hakutoa. Alikuwa na miaka sita, gauni la kaki lililokatwa kwenye suruali kuukuu ya baba yake, na aibu iliyomzidi umri. Funza walikuwa wamemshambulia vidole vya mguu wa kushoto hata akawa anatembelea kisigino, na watoto wa kambi, ambao huruma hawaijui mpaka wafundishwe, walimbatiza jina la Kachechemea. Kila alipokaa aliuzika mguu ule mchangani ili usionekane.

Scolastika hakumvuta. Aliipitisha sindano kwenye moto wa kibatari, akaifuta kwa kitambaa, akaweka mikono magotini na kungoja. Nyuma ya Nyamizi foleni ya watoto ilianza kusukumana.

"Mguu ni wako," alisema. "Ukiwa tayari utanipa."

Ilichukua muda. Hatimaye kisigino kilijitokeza, kisha unyayo, kisha vidole vyenyewe vimevimba na kuiva. Scolastika aliuosha kwa maji ya chumvi, akaugeuzageuza kwenye mwanga.

"Mguu mzuri huu," alisema. "Umeingiliwa na wageni tu. Wageni tutawafukuza, mwenye nyumba atabaki."

Nyamizi alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, alikunja uso na kuvumilia sindano bila kulia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Scolastika katika kambi ile ya mgodi, mbele kidogo ya Nyarugusu, mwaka 1953. Zahanati ilimwita msaidizi. Kambi nzima ilimwita Mayu Sikola wa Funza, yaani Mama Sikola kwa Kisukuma, maana jina lake la ubatizo liliwashinda ndimi. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, amelelewa na masista wa misheni, na mumewe alimleta huku kufuata dhahabu kisha akafa kwa kifua. Angeweza kurudi kwa kaka yake na kulala jikoni kwa shemeji. Alichagua benchi lake chini ya banda la mabati, karai, sindano na chupa ya dawa ya zambarau. Watu walimhurumia, na mimi nasema walipoteza huruma yao bure. Mwanamke yule alikuwa na furaha. Kila asubuhi, king'ora cha zamu kikishalia, watoto thelathini walimjia mbio, na hakuna nyapara wala Mzungu wa mgodi aliyekimbiliwa hivyo.

Kwa kuwa kutoa funza kunachosha anayetolewa, aliwafundisha huku akifanya kazi. Alianzia chini.

"Hiki nini?"

"Kidole!"

"Cha nani?"

"Changu!"

Wakapanda hivyo, kisigino, goti, tumbo, bega, mpaka kwenye masikio, na kila kitu kilikuwa na jina na mwenyewe. Hata sehemu ambazo nyumbani zilisemwa kwa kikohozi, yeye alizitaja kwa majina yake, kwa sauti ile ile ya kutaja kiwiko. Mara ya kwanza watoto walicheka hadi wakaanguka. Mara ya tatu hawakucheka tena.

"Sasa sikilizeni," alisema siku ile alipommaliza Nyamizi. "Hapa panapofunikwa na nguo pana mwiko. Mama akikuogesha, sawa. Mganga wa zahanati akikutibu na mama yako yupo, sawa. Mtu mwingine akitaka, au akikuvuta uende naye pasipo watu, sema sitaki. Sema kwa nguvu. Kisha ukimbie useme nyumbani."

"Na kama ni mtu mkubwa?" aliuliza Mihayo, mtoto wa Euphrasia muuza maandazi.

"Hata kama ni mkubwa."

"Na kama anasema tusimwambie mama?"

Scolastika alisimamisha sindano. "Huyo ndiye wa kwanza wa kwenda kumwambia mama habari zake. Umesikia, Mihayo?"

Mihayo alisema amesikia. Akaangalia pembeni.

Somo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kosa moja, na kosa lilikuwa la mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha misheni, cha katekisimu. Watoto wale nyumbani walisema Kisukuma, na Kiswahili chao walikiokota jikoni, dukani na kwenye foleni ya maji. Kwao mwiko ulikuwa kitu kimoja tu: ule wa kusongea ugali.

Siku mbili baadaye Mama Nyamizi alifika bandani akiwa ameshika kijiti chenye unga mbichi.

"Mwangaluka, Mayu Sikola. Hujanionea mwiko wangu? Tangu jana nasonga bugali kwa kuni."

"Mwangaluka, mayu. Mwiko uje kutafuta nini kwangu?"

Wakacheka, wakalaumu mbwa. Hakuna aliyeangalia mgongoni mwa Nyamizi aliyekaa benchini, ambako kitu kirefu kilikuwa kimechomekwa chini ya gauni, kikamfanya akae wima kama karani.

Na karani ndiye tatizo lililofuata. Marcel, mtunza stoo ya kambi, alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno matamu. Alikuwa na sukari guru mfukoni kwa ajili ya watoto, na wazazi walimsifu kwa kupenda watoto. Ijumaa mchana kilisikika kilio kutoka stoo, na kambi ikashangaa, maana kilikuwa kilio cha mwanamume. Marcel alitoka ameshika vidole vyake vya mkono wa kulia. Nyamizi alitoka nyuma yake na mwiko wa mama yake, akachechemea moja kwa moja hadi nyumbani.

Nyumbani hakukuta wa kumsikiliza. Mama alikuwa kisimani, na habari zilikuwa zimemtangulia kwa baba. Mabula alikuwa mtu wa kutoboa miamba chini ya ardhi, mwenye mikono mizito na maneno machache, na kitu alichokiogopa kuliko mwamba kuporomoka kilikuwa kuaibika mbele ya watu. Mtoto wake, tena wa kike, amempiga mtu mzima! Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Kesho utapiga magoti umwombe radhi. Sitaki kusikia neno."

Asubuhi nyapara Eustace alikuja kwenye benchi la Scolastika, akakaa mahali pa watoto.

"Mama Scolastika, wanasema hayo ni mafundisho yako. Karani anataka ufukuzwe." Alishusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda yaishe. "Mimi nimemtuliza. Mtoto apige magoti, aombe radhi, tumalize. Wewe unyamaze, na benchi lako litabaki."

"Mtoto ameulizwa?"

"Mtoto aulizwe nini?"

Alipoondoka, Scolastika alioshaosha karai ambalo lilikuwa safi. Aliogopa. Aliuona mlango wa jikoni kwa kaka yake, akamsikia shemeji akisema karibu kwa sauti isiyokaribisha. Kunyamaza lilikuwa jambo dogo. Alikwenda barazani hajui bado atafanya nini.

Watu walikusanyika mbele ya ofisi baada ya zamu ya asubuhi. Marcel alikuwa amefungwa bendeji kubwa hadi kwenye kifundo cha mkono, kana kwamba ameokolewa kutoka shimoni. Nyamizi alisimama katikati, na mwiko umelazwa mezani kama ushahidi. Eustace alieleza kosa. Mabula, macho chini, alimsukuma mtoto kidogo begani.

"Piga magoti."

Nyamizi alianza kukunja goti. Akamtafuta Scolastika kwa macho, na Scolastika akajikuta amesimama.

"Kabla hajaomba radhi, aseme anaombea nini," alisema. "Mtoto huyu hajaulizwa na mtu yeyote. Nyamizi, mwiko uliuchukua wa nini?"

Nyamizi alishangaa swali lenyewe. "Si wewe ulisema, mayu? Ulisema hapa pana mwiko. Nikaangalia, mimi sina. Nikachukua wa mama."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikaenda hadi kwa askari wa lango. Mama Nyamizi alijifunika uso kwa kanga. Scolastika mwenyewe alicheka, machozi yakamtoka, kwa kuwa alilitambua kosa lake. Eustace peke yake ndiye aliyebaki na swali.

"Haya. Na kwa nini ulimpiga nao karani?"

"Kalani aliniita nichukue sukari. Akafunga mlango. Akanishika hapa." Alionyesha mkono juu ya kiwiko. "Nikasema sitaki. Hakuniachia. Nikasema tena kwa nguvu. Akasema nisimwambie mama. Basi nikampiga."

Kicheko kilikatika.

Marcel alitabasamu, akawageukia wanaume. "Jamani, ni utani. Kabila langu na Wasukuma ni watani tangu zamani, nani asiyejua? Namwita mchumba, namvuta mkono. Mtoto mdogo hajui utani."

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali. Utani ni kitu kikubwa katika nchi ile. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia msibani nawe ukashukuru. Eustace alianza kulegea, na Scolastika alijua kwamba sasa ndipo benchi linapokwenda, na mtoto pamoja nalo.

"Na mimi aliniambia nisiseme," ilisema sauti ndogo. Mihayo alikuwa amejishikiza kwenye sketi ya mama yake. "Mara mbili."

Euphrasia alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Marcel, na sinia la maandazi likamwanguka.

Aliyejibu ni Mabula. Alizungumza polepole, kama mtu anayepasua mwamba asioujua unene wake.

"Utani naujua. Baba yangu alitaniwa siku ya mazishi yake, tukacheka tukilia. Lakini utani unafanywa mbele za watu, karani. Watu wakikosekana, nani atacheka? Nimekaa miaka arobaini na watani. Sijaona utani wa kufunga mlango. Sijasikia mtani anayemwambia mtoto, usimwambie mama yako."

Wale wazee wawili waliacha kutikisa vichwa. Eustace alichukua muda kusimama, na aliposimama alikuwa nyapara kweli. Alimwita askari wa lango, akamwagiza atume mtu kituoni Geita, na karani asitoke ofisini mpaka polisi wafike. Kisha akamgeukia Scolastika, akakohoa.

"Watoto wako wanakungoja bandani," alisema. "Na wengine nitawaambia mama zao wawalete. Wote."

Scolastika aliitikia kwa kichwa. Alimwinamia Euphrasia, wakaokota maandazi pamoja, na Mihayo katikati yao ameshikwa mikono yote miwili.

Mabula hakurudi shimoni siku ile. Alishika njia ya nyumbani, mbele, kama wanavyotangulia wanaume, mkewe na mtoto nyuma. Alikwenda hatua kumi, kumi na tano. Halafu akapunguza mwendo. Akapunguza tena, mpaka mkewe akampita kwa mshangao, na yeye akawa sambamba na Nyamizi, ambaye kidole chake kilikuwa bado hakijapona na hatua zake zilikuwa fupi. Mabula naye akafupisha zake. Wachimbaji waliokuwa wakienda zamu ya mchana walisimama kulitazama lile pande la mtu likitembea kwa mwendo wa mtoto, akawaacha watazame.

"Haya," alisema. "Niambie. Anzia pale alipokuita."

Nyamizi alianza mbali zaidi. Alianza na kuku wa jirani, na mchezo waliokuwa wakicheza nyuma ya stoo, na nani alikuwa wa kwanza kuona sukari. Njia iligawanyika, wakafuata ile ndefu.

"Baba, hunisikii."

"Nakusikia," alisema Mabula. "Ulikuwa umefika kwenye kuku. Endelea."